Zana Huria za Kugundua Ufuatiliaji: Utatuzi wa Matatizo kwa Watumiaji wa Kigoma

Mwongozo huu ni kwa mafundi simu, waendesha bodaboda, wafanyabiashara na wakazi wengine wa Manispaa ya Kigoma Ujiji na wilaya za jirani ambao wameanza kutumia programu na vifaa huria vya kugundua kama mtu anafuatiliwa, na ambao wanakutana na kengele wasizozielewa au ukimya wasiouamini. Karibu zana zote zinazotajwa hapa zimetengenezwa Ulaya au Marekani, na kila moja imejengwa juu ya hali za huko: minara ya simu iliyosongamana, simu zenye uwezo mkubwa, na mtandao wa 2G unaoelekea kuwa historia. Zikifika Mwanga au Kibirizi hali hizo hazipo. Matokeo yake ni kwamba kengele nyingi zinapigwa na mambo ya kawaida, ilhali ufuatiliaji wa kweli, ambao kwa kawaida hufanywa na mtu wa karibu kwa njia nyepesi, unapita bila zana kuugusa. Kwa hiyo dalili zimepangwa kuanzia zile zinazotokea sana, na mnara bandia, yaani mtambo unaojifanya mnara wa simu, ambao ndio unaovutia maswali mengi, umewekwa mwisho.

## AirGuard imetoa onyo baada ya safari

AirGuard ni programu ya Android iliyotengenezwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Ufundi cha Darmstadt, Ujerumani. Husikiliza mawimbi ya Bluetooth ya vifuatiliaji vidogo kama AirTag ya Apple, SmartTag ya Samsung na Tile, kisha huangalia kama kifaa kilekile kimeonekana karibu nawe katika maeneo tofauti. Kigezo hicho kinafaa kwa mtu anayetembea mjini, lakini kinampotosha aliyepanda treni ya Reli ya Kati kutoka Tabora, kwa sababu abiria wa behewa zima wanahama pamoja: kifuatiliaji kilicho ndani ya begi la jirani kitaonekana Urambo, kitaonekana Kaliua, kitaonekana Uvinza, na programu itahitimisha kwamba kinakufuata wewe. Basi la Kasulu na boti ya Kagunga huleta kosa hilohilo.

Namna ya kupambanua ni kusubiri mpaka abiria watawanyike. Ukishafika nyumbani, fungua programu na ufanye uchunguzi wa mkono. Rudia kesho yake ukiwa mahali ambapo hakuna msafiri mwenzako. Zingatia kwamba AirTag iliyo mbali na mwenyewe hubadilisha anwani yake ya Bluetooth takriban mara moja kwa siku, hivyo kifaa cha jana kinaweza kujitokeza leo kama kipya. Kinachohesabika ni kwamba bado kuna kifuatiliaji kinachosikika ukiwa peke yako. Kikiendelea kusikika, tenganisha mizigo: weka begi upande mmoja wa chumba, koti upande mwingine, viatu nje, na uangalie nguvu ya mawimbi inapanda wapi. AirGuard inaweza kuiamuru AirTag itoe mlio, lakini spika yake inaweza kuwa imeng'olewa, kwa hiyo usiache kupapasa kwenye pindo za begi kwa sababu tu hukusikia kitu.

AirTag ikipatikana, mfuniko wake wa chuma hufunguka kwa kubonyezwa na kuzungushwa kinyume cha mshale wa saa. Ndani kuna betri ya CR2032, na chini ya betri imechapwa namba ya utambulisho, ambayo ndiyo polisi wanayohitaji wakitaka kuuliza Apple ni ya nani. Simu yenye NFC, yaani uwezo wa kusoma kifaa kwa kukigusisha, inaweza kuisoma namba hiyo bila kufungua chochote, ila simu nyingi za bei nafuu hazina NFC. Kabla hujaitoa betri, soma kwanza sehemu ya tahadhari iliyo mbele.

## AirGuard imekaa kimya wiki nzima

Sababu ya kwanza ni simu yenyewe. Tecno, Infinix na itel, ambazo zimejaa mikononi mwa watu wa hapa, zina mfumo mkali wa kuokoa chaji unaozima programu zilizo nyuma ya skrini muda mfupi baada ya kuziacha. AirGuard inaonekana ipo, lakini haijachunguza lolote tangu ulipoifunga. Ingia kwenye mipangilio ya betri, iondoe kwenye vizuizi, iruhusu ijiwashe yenyewe simu inapowaka, na uangalie kwamba programu ya usafishaji iliyokuja na simu haiizimi kila unapobonyeza kitufe cha kuongeza kasi. Pili, ruhusa ya mahali iwe ya wakati wote, kwa sababu bila kujua umehama programu haina cha kulinganisha. Taarifa hizo hubaki ndani ya simu isipokuwa ukikubali mwenyewe kuchangia utafiti wa chuo. Tatu, Bluetooth iwe imewashwa, jambo ambalo wengi huliacha ili kutunza chaji.

Tangu mwaka 2023 Android yenyewe ina onyo la vifuatiliaji visivyojulikana, na halina tabu nyingi kati ya hizo, ingawa nalo linahitaji Bluetooth. Liwashe pamoja na AirGuard.

Sababu ya nne ni kwamba kinachokufuata si cha Bluetooth kabisa. AirTag hutegemea iPhone za wapita njia ili kuripoti ilipo, na nje ya mji iPhone ni chache. Mtu anayetaka kujua ulipo kwa uhakika katika barabara ya Uvinza atatumia kifaa cha GPS chenye laini ya simu, na hicho AirGuard haiwezi kukisikia hata ukikikalia.

## Tajiri anajua bodaboda iko wapi, wala zana haioni kitu

Kama pikipiki ni ya mkataba, uwezekano mkubwa ni kwamba kifaa kimefungwa waziwazi na kimeandikwa kwenye makubaliano, kwa hiyo uliza kwanza. Mwenye chombo ana sababu ya kukilinda. Malalamiko yenye uzito huanza pale pikipiki ni yako, au umeshamaliza marejesho na bado mtu anakusimulia ulikolala.

Hapa hakuna programu inayosaidia kuliko bisibisi na tochi. Fungua kiti na mfuniko wa betri. Tafuta kijiboksi cheusi chenye ukubwa wa kiberiti, mara nyingi kikiwa kimeviringishwa utepe mweusi wa umeme na kuchomekwa kati ya betri na fremu, au kufungwa kwa kamba ya plastiki chini ya tangi. Kwa kawaida hutoka na nyaya nne: nyekundu hadi chanya ya betri, nyeusi hadi hasi, moja hadi swichi ya ufunguo, na nyingine hadi rilei inayoweza kuzima injini. Rangi hubadilika kulingana na mtengenezaji, lakini waya uliounganishwa kwa kuchunwa ganda la waya wa kiwandani haudanganyi. Ukiondoa utepe utaona vitaa vidogo vinavyowaka na kuzima, kimoja cha GPS na kimoja cha mtandao. Usikate waya wa rilei bila fundi, kwa sababu pikipiki inaweza isiwake tena.

Njia nyingine haigharimu kitu. Vifaa hivi vingi hutumia 2G, na mawimbi ya 2G hutoka kwa mapigo yanayoingia kwenye spika. Zima simu zote, weka redio ndogo au spika yenye waya karibu na kiti, washa ufunguo wa pikipiki na usubiri dakika kadhaa. Ule mngurumo wa "trrr-trrr" tunaousikia redioni simu inapotaka kuita, ukitokea wakati hakuna simu iliyowaka, unamaanisha kuna laini nyingine hapo. Usipousikia, hujathibitisha kinyume, kwa kuwa kifaa cha 4G hakipigi hivyo na kilicholala huamka kwa nadra.

## Nimepiga *#21# na nimeambiwa simu yangu inasikilizwa

Ujumbe huu huzunguka kwenye makundi ya WhatsApp kila mwaka na umewatia watu hofu bure. Msimbo wa *#21# huonyesha tu kama simu zinazokuingia zimeelekezwa kwenda namba nyingine. Ukiandikiwa kwamba hazijaelekezwa, yameisha. Msimbo wa *#62# huonyesha namba inayopokea wakati simu yako haipatikani, na namba hiyo mara nyingi ni ya sanduku la sauti la mtandao wenyewe. Ikiwa kwenye *#21# umeona namba ya mtu, hilo ni jambo la kweli na la hatari, hasa kwa sababu namba za uthibitisho zinazosomwa kwa sauti zitamfikia yeye. Piga picha ya skrini, kisha piga ##002# kufuta maelekezo yote. Hakuna msimbo wa nyota na reli unaoweza kukuonyesha usikilizaji unaofanyika ndani ya mitambo ya mtandao.

## Mtu anajua ninachoandika WhatsApp

Usifungue zana yoyote. Fungua WhatsApp, nenda kwenye orodha ya vifaa vilivyounganishwa, na uangalie kama kuna kompyuta au simu usiyoitambua. Aliyeishika simu yako kwa nusu dakika wakati uko bafuni anaweza kuunganisha kifaa chake na kusoma kila kitu, na hakuna programu huria itakayopiga kengele, kwa kuwa kwa macho ya simu hakuna kilichovunjwa. Angalia pia akaunti ya Google kwenye sehemu ya vifaa, kwani aliyekusaidia kufungua akaunti dukani siku uliponunua simu huenda bado anaijua nywila.

## Jamaa zangu wanapigiwa simu kuhusu deni langu

Chanzo ni programu ya mkopo uliyoipa ruhusa ya kusoma majina kwenye simu. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu 69 za mikopo zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni, na tabia ya kuwaaibisha wadaiwa kwa ndugu zao ilikuwa miongoni mwa malalamiko.

Watu huleta simu wakiwa wameshapakua Exodus, zana ya shirika la Kifaransa la Exodus Privacy, na wanashangaa kwamba imeonyesha vifuatiliaji viwili vya matangazo tu. Exodus hutafuta ndani ya programu alama za misimbo ya ufuatiliaji inayojulikana, pamoja na kuorodhesha ruhusa. Msimbo ambao mkopeshaji ameuandika mwenyewe ili kusomba majina hauna alama hiyo, kwa hiyo sehemu ya kusoma hapo ni orodha ya ruhusa: majina, meseji, kumbukumbu za simu, mahali. Ukitaka kuona programu inaongea na nani, tumia PCAPdroid, ambayo huandika kila muunganisho unaotoka. Itakuonyesha jina la seva na kiasi cha data. Yaliyomo kwa kawaida yamefichwa kwa usimbaji.

Malalamiko mawili hujirudia kuhusu PCAPdroid. La kwanza ni kwamba haioneshi kitu, au imekata intaneti: Android inaruhusu VPN (njia maalumu ya kupitishia data ya simu) moja tu kwa wakati mmoja, na PCAPdroid, NetGuard na TrackerControl zote huomba nafasi hiyo hiyo. Zima nyingine zote. La pili ni hofu ya alama ya ufunguo inayotokea juu ya skrini, hasa tangu TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ilipotangaza Oktoba 2023 kwamba watumiaji wa VPN watoe taarifa zake. VPN hii inaishia ndani ya simu yenyewe na haipeleki data yako kwenye seva ya nje. Hata hivyo ni vizuri uweze kumweleza hivyo atakayeuliza.

Kuondoa programu hakurudishi majina yaliyokwisha kuchukuliwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, imeunda Tume inayopokea malalamiko ya aina hii, na picha za skrini za ruhusa pamoja na rekodi ya PCAPdroid ni ushahidi mzuri kuliko maneno matupu.

## Kuna programu yenye mamlaka ya msimamizi na haiondoki

Kabla ya kusema ni programu ya upelelezi, uliza simu ilinunuliwaje. Simu za mkopo wa kulipa kidogo kidogo huja na programu ya kufunga simu mdaiwa akichelewa, na programu hiyo ina kila sifa ya jasusi: imejificha, ni msimamizi wa kifaa, inajua mahali, haifutiki. Mnunuzi wa simu ya mtumba anaweza asijue kwamba aliyemuuzia hajamaliza kulipa. Kama historia hiyo haipo, linganisha jina la kifurushi cha programu na orodha ya viashiria inayotunzwa na chama cha Kifaransa cha Echap, ambayo imekusanya majina ya programu nyingi zinazouzwa kwa ajili ya kuwapeleleza wenza. Angalia pia sehemu ya huduma za ufikivu. Programu isiyo ya walemavu iliyowashwa humo inastahili maswali makali.

## MVT imegoma, au imemaliza bila kusema lolote

MVT ni zana ya kutafuta dalili za programu za upelelezi kwenye simu. Ilitolewa Julai 2021 na Maabara ya Usalama ya Amnesty International, wakati wa uchunguzi wa Pegasus, programu ya kupeleleza simu. Inahitaji kompyuta, hasa yenye Linux, na uvumilivu. Ikigoma kuiona simu, shuku waya kwanza: nyaya nyingi za mtaani zina njia za chaji tu na hazibebi data. Kisha hakikisha hali ya msanidi imewashwa na umekubali ombi linalotokea kwenye skrini ya simu.

Ikimaliza kimya, yawezekana hukupakua viashiria, yaani orodha ya alama za programu za upelelezi zinazojulikana, na bila viashiria haina cha kulinganisha. Hata ukivipakua, hutambua kinachojulikana tu, na Android huhifadhi kumbukumbu chache kuliko iPhone. Kwa maoni yangu, mfanyabiashara wa dagaa anayemshuku mkewe hana haja ya MVT. Isitoshe, leseni yake inakataza kuitumia kwenye simu ya mtu bila ridhaa yake, na fundi anayeletewa "simu ya mke wangu uichunguze" anapaswa kumtaka mwenye simu aje mwenyewe.

## Tahadhari kabla ya kuondoa chochote

Aliyeweka kifaa ataona kimezimika. Kwa mwanamke anayefuatiliwa na mume au mchumba mkorofi, dakika hiyo ndiyo hatari kuliko zote zilizotangulia, na fundi anayefuta programu kwa fahari ya kazi anaweza kumpeleka mteja nyumbani kwenye kipigo. Piga picha kila kitu kwa simu nyingine, mwache mwenye tatizo aamue lini na akiwa wapi, na umtajie Dawati la Jinsia na Watoto lililo kwenye kituo cha polisi. Mazungumzo yenyewe yasifanyike kwa simu inayoshukiwa.

## Rayhunter imegeuka nyekundu

Rayhunter ilitolewa mwaka 2025 na Electronic Frontier Foundation ya Marekani. Huwekwa ndani ya ruta ya mfukoni ya bei ndogo na husoma mazungumzo ya chini kati ya ruta na mnara, ikitafuta dalili za mnara bandia, yaani mtambo unaojifanya mnara wa kampuni ya simu ili kunasa utambulisho wa laini zilizo karibu. Programu za zamani za simu zilizoahidi kazi hiyo, kama SnoopSnitch ya mwaka 2014, zinahitaji simu iliyofunguliwa mizizi (root, yaani iliyoondolewa vizuizi vya kiwandani) na yenye chipu ya Qualcomm, hivyo kwenye simu nyingi za hapa haziwaki, zipuuze.

Kama Rayhunter haipati mtandao kabisa, angalia ruta. Orbic RC400L, ambayo ndiyo iliyotumika mwanzo, ilitengenezwa kwa masafa ya Marekani. Kwa Afrika chaguo linalofaa zaidi ni TP-Link M7350, nayo ina matoleo kadhaa ya maunzi, kwa hiyo soma lebo iliyo chini ya betri na ulinganishe na maelekezo ya mradi kabla ya kulipa.

Sasa wekundu wenyewe, yaani onyo kwamba dalili imeonekana. Moja ya vigezo vya Rayhunter ni mnara wa 4G kuiamuru ruta ishuke hadi 2G, ambako usimbaji ni dhaifu. Marekani amri hiyo ni ya kushangaza, kwani AT&T ilizima 2G yake mwaka 2017 na wengine wakafuata. Kwetu 2G ipo hai, inabeba simu za vitochi na vifaa vya GPS, na ukitoka mjini kuelekea Kasulu au Uvinza ndiyo inayobaki 4G ikififia. Umeme ukikatika na mnara wa karibu ukaisha betri, ruta zote zinahamia kwa jirani kwa vurugu. Onyo la kushushwa 2G peke yake, mahali ambapo 4G ni hafifu, lisikuamshe usiku. Kigezo hicho unaweza kukizima kwenye ukurasa wa mipangilio ukabaki na vingine.

Kigezo cha pili ni mnara kuomba namba ya IMSI, yaani utambulisho wa laini. Mtandao halali huiomba pia ruta inapowashwa mara ya kwanza, inapotoka kwenye hali ya ndege, au inapoingia mtandao usioijua. Hapa mpaka unahusika. Manyovu na Kagunga ruta inaweza kushika mnara wa Burundi, na utaona msimbo wa nchi ukibadilika kutoka 640 ya Tanzania kwenda 642. Wasafiri wa Kalemie watakutana na 630 ya Kongo. Msimbo wa jirani karibu na mpaka ni mawimbi yaliyovuka tu. Msimbo wa nchi ya mbali, au 640 yenye namba ya mtandao isiyokuwepo nchini, hilo ni jambo lingine. Wanaotumia programu ya Network Survey, au kulinganisha minara na OpenCelliD, hifadhi ya mtandaoni ya minara, wakumbuke kwamba hifadhi za namna hiyo hujazwa na watu wa kujitolea, na mnara usiokuwemo huenda ni kwa sababu hakuna aliyewahi kupita hapo akiwa na programu.

Onyo linalostahili kazi ni lenye mambo kadhaa kwa pamoja: IMSI imeombwa katikati ya muunganisho uliotulia, usimbaji umezimwa kabisa, na vinajirudia mahali palepale kisha kutoweka ukisogea. Ili kulitambua ni lazima uwe na rekodi za siku za kawaida. Tembea na ruta kutoka Mwanga hadi stesheni, bandarini, hadi Ujiji, siku ambazo hakuna jambo, na uhifadhi rekodi kwa tarehe na mahali. Bila hizo, wekundu wa siku ya mkutano hauna cha kulinganishwa nacho. Ukipata wenye ruta wawili wa mitandao tofauti, bora zaidi.

Onyo likishatokea, usiizime ruta papo hapo. Ondoka eneo hilo, andika saa na mahali, kisha pakua rekodi kupitia ukurasa wa ruta na uanze rekodi mpya. Mafaili hayo yanaweza kubeba IMSI ya laini yako, na laini za Tanzania zimesajiliwa kwa alama za vidole tangu zoezi lililokamilika Januari 2020, kwa hiyo anayeyashika anashika njia ya kufika kwenye jina lako. Yatume kwa wachambuzi wa mradi kwa njia salama waliyoielekeza wenyewe. Kundi la WhatsApp la mtaa siyo mahali pake.